Maswali ya Wasomaji: Oscar Dunn na kiti cha naibu gavana wa Louisiana

Toleo lililopita tuligusia kwa mistari miwili tu kwamba gavana wa kwanza Mweusi wa jimbo lolote Marekani alikuwa P.B.S. Pinchback wa Louisiana, mwaka 1872, na kwamba alifika hapo akitokea kwenye unaibu gavana. Hiyo mistari miwili imeleta barua nyingi kuliko kurasa nzima tulizowahi kuandika, kwa hiyo safari hii safu yote ni ya jambo hili hili. Nimechukua maswali yanayojirudia, na mengine nimeyafupisha, msinilaumu.

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Nimetafuta matokeo ya uchaguzi uliompa Pinchback unaibu gavana sijayaona popote, naona majina mengine tu. Alichaguliwa lini hasa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyaoni kwa sababu hayapo, wananchi wa Louisiana hawakuwahi kumpigia kura Pinchback kuwa naibu gavana. Yeye alikuwa seneta kwenye bunge la jimbo. Aliyechaguliwa na wananchi kukaa kwenye kile kiti anaitwa Oscar Dunn, uchaguzi wa Aprili 1868, na huyo ndo naibu gavana wa kwanza Mweusi kuchaguliwa Marekani nzima. Dunn akafariki ghafla tarehe 22 Novemba 1871 kabla muda wake haujaisha, kiti kikabaki wazi, na utaratibu ulikuwa kwamba rais wa Seneti ndo anashika nafasi ya naibu. Gavana wa wakati huo, Henry Clay Warmoth, akaiita Seneti haraka haraka mwezi Desemba na Pinchback akachaguliwa rais wa Seneti kwa tofauti ya kura chache mno.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 9 Desemba 1872, wawakilishi wa jimbo wakapiga kura kumfungulia Warmoth mashtaka ya kumwondoa madarakani. Sasa hapa ndo pa kushika: kwa sheria ya Louisiana gavana akishafunguliwa mashtaka hayo anasimama kazi palepale, hata kabla Seneti haijasikiliza kesi, na naibu anachukua ofisi. Kesi yenyewe haikufika mwisho kwa sababu muda wa Warmoth uliisha tarehe 13 Januari 1873. Kwa hiyo Pinchback alikuwa gavana kwa wiki tano hivi, na ni kweli kabisa alikuwa wa kwanza, hilo halina ubishi. Ila ukimsoma Pinchback bila kumsoma Dunn unakuwa umeanza hadithi katikati, na kiukweli inaniuma kuona vitabu vingi vinafanya hivyo.

SWALI: Kuna mtu kaniambia kwamba uchaguzi wa naibu gavana Louisiana 1868 wagombea wote wawili walikuwa Weusi. Hii imekaaje, miaka mitatu tu baada ya vita? Naomba ufafanuzi, maana nimemwambia anadanganya.

JIBU: Kamwombe radhi ndugu yangu, hajadanganya. Na hili ndo jambo ninalolipenda kuliko yote kwenye huu uchaguzi, nivumilie nilieleze kwa kirefu.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliisha 1865. Mwaka 1867 Congress kule Washington ikapitisha sheria za kuijenga upya Kusini, majimbo yaliyoasi yakawekwa chini ya usimamizi wa jeshi na wanaume Weusi wakaandikishwa kupiga kura kwa mara ya kwanza. Louisiana waliojiandikisha Weusi walizidi 80,000 na wazungu walikuwa karibu 45,000, hesabu hiyo peke yake inakuonyesha mambo yalivyogeuka. Likaitishwa bunge la katiba lenye wajumbe 98, nusu kwa nusu, Weusi 49 na wazungu 49, wakatoa katiba ya 1868 iliyosema watu wote wana haki sawa kwenye vyombo vya usafiri na sehemu za umma na kwamba shule za serikali zisibague mtoto kwa rangi. Watu wengi hudhani mambo hayo yaliandikwa kwanza karne ya ishirini, kumbe yaliandikwa pale New Orleans na watu ambao baadhi yao walizaliwa utumwani.

Basi chama cha Republican kikakaa mkutano Januari 1868 kuteua mgombea ugavana. Upande mmoja Warmoth, kijana mzungu wa miaka 25 kutoka Illinois, aliyekuja na jeshi la Muungano, yaani la Kaskazini, akabaki. Upande wa pili Francis E. Dumas, Mweusi aliyezaliwa huru, tajiri, mwenye elimu, meja kwenye kikosi cha askari Weusi wa Louisiana wakati wa vita. Kura zikahesabiwa: Warmoth 45, Dumas 43. Yaani wajumbe wawili tu wangesogea upande wa pili tungekuwa tunaongea habari nyingine kabisa. Dumas akaambiwa achukue nafasi ya pili, ya naibu, akakataa. Nafasi akapewa Oscar Dunn.

Hapo gazeti la New Orleans Tribune, gazeti la kila siku la Weusi, la kwanza la aina yake Marekani, lililokuwa linatoka kwa Kiingereza na Kifaransa, likagoma. Wenye Tribune, akina Roudanez, walikuwa watu wa ile jamii ya Weusi waliokuwa huru tangu kabla ya vita, wanaongea Kifaransa, wamesoma, na hawakuona kwa nini kijana aliyekuja juzi kutoka Kaskazini awaongoze wakati wao wapo. Wakaunga mkono tiketi nyingine: ugavana James G. Taliaferro, jaji mzungu mzee aliyepinga Louisiana kujitoa kwenye Muungano 1861 na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa bunge la katiba, na naibu wake, Dumas yule yule aliyekataa unaibu kwa Warmoth! Kwa hiyo Aprili ilipofika ikawa Dunn kwa Dumas.

Matokeo, tiketi ya Warmoth na Dunn ilishinda kwa kishindo, Warmoth alipata kura zaidi ya 64,000 na Taliaferro zaidi ya 38,000. Wademocrat, chama cha wazungu wengi wa huko wakati ule, hawakusimamisha tiketi yao ya ugavana, wengi waliojitokeza waliiangukia ile ya Taliaferro. Siku hizo hizo wananchi wakaipitisha na katiba.

Ninachotaka uone ni kwamba Weusi wa Louisiana hawakupiga kura kwa mkumbo. Walikuwa na mabishano yao ya kweli: aliyezaliwa huru na aliyezaliwa mtumwa, anayeongea Kifaransa na anayeongea Kiingereza, anayeamini tushirikiane na wageni wa Kaskazini na anayesema tujiongoze wenyewe. Dumas mwenyewe aliwahi kumiliki watumwa kabla ya vita, na Dunn aliwahi kuwa mtumwa. Wakakutana kwenye kinyang'anyiro cha kiti kimoja. Huo ni uchaguzi wa maana kabisa na unastahili kusomwa kama uchaguzi.

SWALI: Huyo Dunn alitokea wapi? Alikuwa amesoma?

JIBU: Alizaliwa New Orleans miaka ya 1820, mama yake akiwa mtumwa kwa hiyo na yeye mtumwa. Baba yake wa kambo, James Dunn, alikuwa fundi seremala aliyepata uhuru wake mapema, akakusanya pesa akamnunua mkewe na watoto wawili, na 1832 wakawa huru kisheria. Oscar akapelekwa kujifunza ufundi wa kupiga lipu, halafu akawa mwalimu wa muziki, na alipanda ngazi mpaka kuwa kiongozi mkuu wa Freemason Weusi wa Louisiana. Baada ya vita akafungua ofisi ya kuwatafutia kazi walioachwa huru, anakaa nao, anawasomea mikataba ya mashambani, maana wengi hawajui kusoma na mwenye shamba anaweza kuandika chochote anachotaka. Hiyo kazi ndo iliyomfanya ajulikane. Watu hawakumfahamu kwenye majukwaa, walimfahamu kwenye ile meza, akisoma karatasi mstari kwa mstari na kumwambia mtu hapa umeandikiwa hivi, hapa usiweke alama yako.

Na kuna sifa moja ambayo hata magazeti ya wapinzani wake yalikubali, kwamba hanunuliki. Louisiana ya wakati ule rushwa ilikuwa imetapakaa, pande zote, kwa hiyo sifa hiyo haikuwa ndogo.

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa uraia. Naomba utueleze upigaji kura wenyewe ulikuwaje. Naibu alipigiwa kura peke yake au alikuja na gavana wake kama ilivyo sehemu nyingi leo?

JIBU: Asante mwalimu, swali zuri sana hili na majibu yake yanaeleza mambo mengi.

Kwanza futa picha ya karatasi ya kura inayotolewa na serikali. Haikuwepo. Majimbo ya Marekani yalianza kutumia karatasi ya serikali, unayoijaza mwenyewe kwa siri, kuanzia 1888, Massachusetts ndo ikawa jimbo la kwanza kuipitisha kwa jimbo zima. Kabla ya hapo kila chama kinachapisha karatasi yake. Ni karatasi nyembamba ndefu, juu jina la chama, mara nyingine na picha, halafu majina yanashuka: gavana, naibu gavana, na wengine mpaka vyeo vya chini kabisa. Nje ya kituo wanasimama watu wa chama wanazigawa. Wewe unachukua moja, unaikunja, unaingia, unaitumbukiza kwenye sanduku mbele ya kila mtu. Na kwa kuwa vyama vilipenda kutumia karatasi za rangi au saizi tofauti, mtu aliyesimama mbali anajua umepigia nani kabla hujafika kwenye sanduku. Fikiria sasa wewe ni mfanyakazi wa shambani, bosi wako mzungu kasimama pale mlangoni, na wewe umeshika karatasi ya Republican mkononi. Kila kura ya Dunn aliyoitoa mfanyakazi wa namna hiyo ilipigwa hadharani kwa mtindo huo, na mimi nikisoma zile 64,000 nawaona watu hao kwanza.

Sasa kuhusu swali lako la pili, kwa sheria za majimbo mengi karne ile naibu alihesabiwa kura zake peke yake. Kwa hiyo ungeweza kupata gavana wa chama hiki na naibu wa chama kile, na ilitokea sehemu mbalimbali. Ila kwa kuwa karatasi inakuja imeshachapishwa, wengi wanaipiga yote kama ilivyo. Anayetaka kuchanganya anachukua penseli anakata jina la naibu, anaandika jingine pembeni. Na wagombea wajanja walichapisha vipande vidogo vyenye jina lao na gundi nyuma, unalamba unabandika juu ya jina la mpinzani. Ndo maana ukiangalia matokeo ya zamani utakuta gavana na naibu wa tiketi moja wanapishana kura kidogo, ni zile penseli na vile vibandiko.

SWALI: Kwani naibu gavana ana kazi gani? Mimi naona ni cheo cha kusubiri mtu afe.

JIBU: Kwa kawaida kazi yake kubwa ni kuiongoza Seneti ya jimbo na kupiga kura pale maseneta wanapofungana. Kuna majimbo yaliona hayahitaji kabisa, mpaka leo Oregon, Maine na New Hampshire hawana naibu gavana.

Lakini Louisiana ya Dunn, nakukatalia. Alikuwa kwenye kiti cha Seneti, anajua nani apewe nafasi ya kusema, hoja ipi ije kwanza. Alikuwa pia mwenyekiti wa bodi ya polisi ya New Orleans, Metropolitan Police, na polisi wenyewe walikuwa mchanganyiko, Weusi na wazungu. Mtu aliyezaliwa mtumwa kwenye jiji hilo hilo sasa ndo msimamizi wa polisi wake. Na gavana akitoka nje ya jimbo, naibu anashika ofisi. Mwaka 1871 Warmoth aliumia mguu akaenda kukaa Mississippi kujiuguza, Dunn akaongoza jimbo zaidi ya mwezi mzima. Kwa hiyo kabla ya Pinchback, Louisiana ilishaongozwa na Mweusi kama kaimu gavana, na kazi zilienda.

Hapo tayari walikuwa wameshakosana. Warmoth alikataa kutia saini muswada wa haki za raia wa 1868, ule wa kuwabana wenye hoteli na vyombo vya usafiri wasibague watu, akawa anajikusanyia madaraka ya kuteua watu na bodi ya kuhakiki kura, na pia akaanza kuwapendelea Wademocrat ili awe na marafiki pande zote. Dunn akamgeuka waziwazi. Agosti 1871 mkutano wa chama ukaitishwa ndani ya jengo la forodha la serikali kuu, Custom House, mtaa wa Canal, jengo linalolindwa na maaskari wa serikali kuu wakiwa na bunduki nzito za Gatling. Gavana akafika na magongo yake, mguu bado mbovu, na watu wake nyuma, wakajikuta hawana nafasi mle ndani, wakaondoka kwenda kufanya mkutano wao kwenye ukumbi mwingine. Ndani ya Custom House mwenyekiti wa mkutano akawa Dunn. Kuanzia hapo mazungumzo ya kumfungulia Warmoth mashtaka yakapamba moto, na kila mtu alijua akitoka Warmoth anaingia nani. Kwa hiyo hicho cheo cha kusubiri, ndugu yangu, kilikuwa kinamnyima gavana usingizi.

SWALI: Ni kweli Dunn aliwekewa sumu?

JIBU: Swali hili limekuja kwenye barua nyingi kuliko yote. Ukweli unaothibitika ni huu: aliugua ghafla, akaumwa siku chache, akafariki 22 Novemba 1871, wakati ule ambao kifo chake kilikuwa na faida kubwa kwa wapinzani wake. Madaktari waliandika kwamba ni msongamano wa damu kwenye ubongo na mapafu. Maneno ya sumu yakaanza kusambaa mjini mara moja, familia ikakataa mwili kupasuliwa, na hakuna ushahidi wa kumfunga mtu yeyote uliowahi kutolewa. Siwezi kuandika hapa kwamba aliuawa. Naweza kuandika kwamba watu waliompigia kura waliamini hivyo wengi wao, na walikuwa na sababu za kuogopa, maana walishaona damu. Mfano tu, Aprili 1868 Republican walipata zaidi ya 64,000, Novemba mwaka huo huo kwenye uchaguzi wa urais mgombea wao Grant akapata 33,000 na kitu jimbo zima. Katikati hapo kulikuwa na mauaji ya vijijini, mabaya zaidi wilaya ya St. Landry mwezi Septemba, na wilaya hiyo ikarudisha kura sifuri za Grant. Sifuri.

Mazishi yake yalikuwa makubwa kupita kawaida, mtaa wa Canal ulijaa watu, magazeti ya wakati huo yalikadiria maelfu kwa makumi. Na bunge la jimbo 1873 likatenga dola 10,000 kumjengea mnara wa kumbukumbu.

SWALI: Baada ya Pinchback naibu alikuwa nani? Nimesoma kwamba kulikuwa na manaibu wawili kwa mpigo.

JIBU: Wawili, ndiyo, na magavana wawili. Uchaguzi wa Novemba 1872 pande zote zilidai zimeshinda, kila mmoja na bodi yake ya kuhakiki kura, na tarehe 13 Januari 1873 wakaapishwa wote, kila upande kwenye jengo lake. Republican walikuwa na William Pitt Kellogg na naibu wake Caesar Antoine, Mweusi, aliyewahi kuwa kapteni wa askari Weusi. Upande wa pili John McEnery na naibu wake Davidson Penn. Rais Grant akamtambua Kellogg, kwa hiyo Antoine ndo akawa naibu halali mpaka 1877.

Penn hakukubali. Tarehe 14 Septemba 1874 McEnery akiwa nje ya jimbo, Penn akajitangaza kaimu gavana, na kundi la wazungu wenye silaha lililoitwa White League, kama watu 5,000, likawavamia polisi na mgambo wa serikali pale mjini, jirani na Custom House. Likawashinda. Kellogg akajificha ndani ya jengo la forodha na kwa siku tatu Louisiana ikawa mikononi mwa waasi, mpaka Grant alipotuma jeshi wakaachia. Wakati huo kila mtu aliyemdharau naibu alipata kuona: mapinduzi yale yalifanywa kwa jina la naibu aliyekataliwa.

Na hapa nina donge. Mwaka 1891 jiji la New Orleans likasimamisha mnara kuwaenzi White League kwa siku ile, ukakaa mpaka ulipoondolewa Aprili 2017. Ule mnara wa Dunn, wenye pesa zilizopitishwa na bunge, haukujengwa kamwe. Walioipindua serikali iliyotambuliwa walipewa jiwe zaidi ya miaka 120, naibu aliyepigiwa kura hakupewa hata msingi. Sioni namna nzuri ya kulisema hilo.

SWALI: Wanawake je, walimpigia Dunn?

JIBU: Hapana dada, kura ilikuwa ya wanaume wa miaka 21 kwenda juu tu. Wanawake wa Marekani nzima walihakikishiwa kura 1920.

SWALI: Hili la manaibu Weusi lilikuwa Louisiana peke yake?

JIBU: Walikuwa sita jumla kwenye kipindi kile. Louisiana watatu, yaani Dunn, Pinchback na Antoine. South Carolina wawili, Alonzo Ransier aliyechaguliwa 1870 na Richard Gleaves baada yake. Mississippi mmoja, Alexander Davis, aliyechaguliwa 1873 pamoja na gavana Adelbert Ames.

Ya Davis ni ya kusikitisha ila inafundisha siasa zilivyo. Wademocrat waliliteka bunge la Mississippi kwenye uchaguzi wa 1875, kwa vitisho na mauaji, wakataka kumng'oa Ames. Shida yao ilikuwa moja, wakimng'oa Ames anaingia Davis. Kwa hiyo wakaanza na naibu, wakamshtaki Davis kwa madai ya kupokea rushwa kwenye msamaha wa mfungwa, Seneti ikamtia hatiani Machi 1876. Njia ikiwa nyeupe wakamgeukia Ames, na yeye akajiuzulu mwishoni mwa mwezi huo huo. Ofisi ikamwangukia rais wa Seneti, ambaye sasa alikuwa mtu wao. Ukiangalia wanaotaka madaraka wanampiga nani kwanza, utajua cheo kina uzito gani.

SWALI: Sasa yaliishaje? Maana katiba ya 1868 ilikuwa nzuri hivyo.

JIBU: Ulifanyika uchaguzi wa 1876, Antoine akasimama tena unaibu, kwa upande wa pili akasimama Louis Wiltz. Tena wakaapishwa magavana wawili, ila safari hii Rais Hayes akaliondoa jeshi, Aprili 1877, na serikali ya Republican ikasambaratika palepale. Wiltz akawa naibu, 1880 akawa gavana, na alipofariki ofisini 1881 naibu wake Samuel McEnery, ndugu wa yule John, akachukua nafasi. Katiba ya 1868 ilishafutwa 1879 ikawekwa nyingine.

Hata hivyo Weusi wa Louisiana waliendelea kupiga kura kwa miaka mingi baada ya 1877, hili wengi hawalijui. Mwaka 1896 walioandikishwa walikuwa 130,334. Ndipo ikaja katiba ya 1898 na masharti ya kusoma na kuandika, ya mali, na kile kipengele cha kumsamehe masharti hayo mtu ambaye baba au babu yake alikuwa na haki ya kupiga kura kabla ya 1867, mwaka ambao wanaume Weusi walianza kuandikishwa. Mwaka 1900 wakabaki 5,320. Mwaka 1904, 1,342.